Kusimika MinIO kwenye Windows

MinIO ni seva ya kuhifadhi faili inayofuata kanuni za S3, huduma ya kuhifadhi faili kwenye wingu iliyozinduliwa na Amazon mwaka 2006. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya S3 kwa kawaida hufanya kazi nayo ukibadilisha tu anwani na funguo (jina na nenosiri la kuingilia), kwa hiyo unaweza kujaribu kazi yako bila kulipia wingu.

Hatua ya 1. Tengeneza folda mbili: C:\minio ya programu na D:\ghala ya data. Pakua minio.exe (seva yenyewe) na mc.exe (programu ya kuiamuru), uziweke kwenye ya kwanza. Usizibofye, zote huendeshwa kwa amri.

Hatua ya 2. Fungua PowerShell, uandike:

```
cd C:\minio
$env:MINIO_ROOT_USER = "msimamizi"
$env:MINIO_ROOT_PASSWORD = "nenosiri-lako-refu"
.\minio.exe server D:\ghala --address "127.0.0.1:9000" --console-address "127.0.0.1:9001"
```

Nenosiri lisipungue herufi 8. Ukiiruka mistari miwili ya $env, seva itawaka kwa jina minioadmin na nenosiri minioadmin, ambayo dunia nzima inayajua. Hiyo 127.0.0.1, yaani kompyuta hii yenyewe, nayo usiipuuze: bila yake, seva husikiliza kila mtandao ambao kompyuta imeunganishwa nao. Programu zako zitapita poti 9000. Kivinjari kitatumia 9001. Dirisha hili liache wazi, maana ukilifunga seva inazimika na mistari ya $env utaiandika upya.

Hatua ya 3. Matoleo ya tangu 2025 yamepunguza sana kazi za usimamizi kwenye kivinjari, hivyo zoea mc mapema. Weka picha yoyote ndani ya C:\minio kwa jina jaribio.jpg, kisha kwenye dirisha jipya:

```
cd C:\minio
.\mc.exe alias set ghala http://127.0.0.1:9000 msimamizi nenosiri-lako-refu
.\mc.exe mb ghala/picha
.\mc.exe cp jaribio.jpg ghala/picha/
.\mc.exe ls ghala/picha
```

Katika amri hizi ghala ni jina ulilolipa seva ndani ya mc, si folda ya D:\ghala. Jina la baketi, yaani chombo cha kuwekea faili kinachotengenezwa na mb (hapa ni picha), liwe la herufi ndogo, 3 hadi 63, bila nafasi.

Sasa chungulia D:\ghala\picha. Utakuta jaribio.jpg si picha tena bali folda, na ndani yake kuna xl.meta. Ndivyo MinIO inavyotunza vitu vyake. Usihamishe wala kubadili jina la chochote humo kwa mkono, na faili utakayoinakili humo moja kwa moja seva haitaitambua.

Diski moja ikifa, data imekwenda nayo. Ukiwa na diski ya nje, nakili mara kwa mara:

```
.\mc.exe mirror ghala/picha E:\nakala
```