Namna ya Kukagua Darubini ya Vioo ya Karne ya 18 Bila Kuiharibu

Mwongozo huu unahusu darubini za muundo alioueleza mtaalamu wa hisabati James Gregory mwaka 1663, wenye kioo kikubwa nyuma ya bomba na kioo kidogo mbele yake, hasa zile za James Short, fundi wa Edinburgh aliyehamia London na kutengeneza zaidi ya 1,300 kabla ya kufariki mwaka 1768.

Hatua ya 1. Vaa glavu za pamba, kisha usome maandishi yaliyochongwa kwenye shaba upande wa lenzi ya jicho. Short aliandika nambari mbili moja juu ya nyingine, kama nusu inavyoandikwa 1/2: ya juu ni nambari ya darubini katika ukubwa wake, ya chini ni nambari yake kati ya zote alizokwisha kutengeneza, na inayofuata alama ya usawa ni urefu wa fokasi kwa inchi, yaani umbali kutoka kioo kikubwa hadi mahali kinapokusanya mwanga.

Hatua ya 2. Zungusha taratibu kirungu cha ufito mrefu wa chuma ulio ubavuni mwa bomba. Ndio unaosogeza kioo kidogo mbele na nyuma ili picha itulie. Ukikwama, acha, kwa kuwa ufito ukipinda kioo hicho hutoka kwenye mstari.

Hatua ya 3. Chungulia kioo kikubwa kwa tochi, ukiishikilia kwa mshazari. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Kioo hiki si cha glasi bali ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya takriban sehemu mbili za shaba nyekundu na moja ya bati, ngumu lakini yenye kuvunjika upesi, na umbo lake lilipatikana kwa kusugua kwa mkono mpaka likawa sahihi kwa kiwango kisichoonekana kwa macho. Niliwahi kuletewa kimoja kilichong'arishwa kwa dawa ya kusafishia shaba: kilimetameta vizuri sana, lakini nyota zilionekana kama madoa. Ondoa vumbi kwa kipulizio cha mpira tu, na ukungu wa kijivu uuache.

Hatua ya 4. Orodhesha vifaa vilivyomo sandukuni: vifuniko, lenzi za ziada, na kwa darubini kubwa, vioo vidogo kadhaa vya kubadilisha ukuzaji. Maikromita (kifaa cha kupimia pembe ndogo angani) ya lenzi iliyokatwa nusu mbili, aliyoitengeneza John Dollond, fundi wa lenzi wa London, katika miaka ya 1750, hufungwa mdomoni mwa bomba. Ukiikuta, umepata kitu adimu. Kipande cha glasi nyeusi ni kichujio cha jua. Kihifadhi, ila usikitumie kamwe kutazamia jua, kwa sababu hukaa karibu na jicho mahali joto lilipokusanyika na kinaweza kupasuka ghafla.