Ukipewa jumla na renji, anza kwa kutoa kilichozidi

Barazani kwangu hapa Tanga kuna ubao wa plaiwudi niliopaka rangi nyeusi mwenyewe. Jioni hukaa mbele yake watoto tisa, wakati mwingine kumi na wawili, inategemea nani katumwa dukani. Wengi ni wa darasa la saba na kidato cha pili, na swali linalowatoa jasho ni lile linalotaja jumla, likataja renji, kisha likasema: tafuta namba.

Renji ni namba kubwa kuliko zote ukitoa ndogo kuliko zote. Zilizo katikati hazihusiki. Kwa hiyo 6, 7, 8, 9, 10 renji yake ni 4, wala si 5, hata kama namba zenyewe ni tano.

Kanuni siandiki kwanza. Nawaita wawili mbele, nawamwagia visoda 46 mkekani: gawaneni, ila mkubwa amzidi mdogo kwa 12. Wa kidato cha pili hubahatisha. 30 na 16? Tofauti 14. 28 na 18? Tofauti 10. Siku moja binti wa darasa la tano, aliyekuja kumsindikiza kaka yake tu, alitenga visoda 12 pembeni, akagawa 34 vilivyobaki sawa kwa sawa, 17 kwa 17, kisha akamrudishia mkubwa zile 12 zake. 29 na 17. Tangu siku hiyo nafundisha kwa njia yake: toa kilichozidi, gawa, rudisha.

Mimi mwenyewe niliwahi kuumbuka kwa swali hilihili. Niliandika ubaoni jumla 45, tofauti 12, namba nzima mbili. Wakahangaika, hadi mmoja akauliza, "Mwalimu, kisoda kimoja tukikate?" 45 toa 12 ni 33, na 33 haigawanyiki kwa mbili. Namba mbili nzima zikiwa na jumla shufwa, tofauti yake nayo ni shufwa. Jumla ikiwa witiri, tofauti ni witiri. Kabla hujaanza kukokotoa, angalia hilo. Nami sasa huangalia kabla ya kuandika.

Zikiwa namba tatu, mambo yanakuwa matamu. Tuseme ni namba nzima tatu tofauti, jumla 48, renji 14, na tunatafuta kubwa kuliko zote inaweza kufika ngapi. Toa 14 kwenye ile kubwa, nayo inalingana na ndogo. Sasa kilichobaki, 34, ni ndogo mara mbili pamoja na ya katikati. Ukitaka kubwa ipae, ndogo nayo lazima ipande, kwa sababu zimefungwa kamba ya 14. Basi ya katikati ndiyo ibanwe ibaki chini, iizidi ndogo kwa 1 tu. Ndogo mara tatu na 1 juu ni 34, kwa hiyo ndogo ni 11. Namba ni 11, 12, 25. Jumlisha: 48. Toa: 14. Wakiuliza kubwa iwe chini kadiri inavyowezekana, isukume ya katikati juu mpaka ikaribie kubwa: 7, 20, 21.

Kuna swali jingine ambalo hata wanaojiamini hulikosa. Namba ni 7, 12, 15, 9 na x. Renji ni 10. X ni ngapi? Karibu wote hujibu 17 na kuweka kalamu chini. Lakini nne zinazojulikana zina renji 8 tu, toka 7 hadi 15, hivyo x ndiyo inayoinyoosha, ama kwa juu ama kwa chini. Inaweza kuwa 17, inaweza kuwa 5. Jumla ndiyo huamua: zile nne ni 43, kwa hiyo jumla ikiwa 60 x ni 17, ikiwa 48 x ni 5. Swali lisipotoa jumla, andika majibu yote mawili. Wakikupa wastani badala ya jumla, zidisha kwa idadi ya namba uipate. Wastani 12 kwa namba tano ni 60.

Ya kuongeza alama ni rahisi. Wanafunzi 40 wakiongezewa alama 3 kila mmoja, jumla inapanda kwa 120 na renji haisogei hata kidogo, maana wa juu na wa chini wamepanda pamoja. Alama zikizidishwa mara mbili, vyote viwili vinakuwa mara mbili.

Na kukiwa na namba hasi, chora mstari wa namba. Toka −3 hadi 8 ni hatua 11. Jana watoto wanne kati ya tisa waliniandikia 5, na mmoja wao alikuwa keshafunga daftari na kuanza kuvaa ndala.