Jinsi ya kufuatilia msimu mzima wa Top 14 bila kupotea njiani

Watu wengi wanaoanza kuangalia raga ya vilabu vya Ufaransa wanakata tamaa ikifika Novemba. Wanaona timu waliyoipenda imechapwa 40 na kitu ugenini, nusu ya wachezaji waliopangwa hawawajui, wanasema aah hii ligi haieleweki, wanarudi zao kwenye soka. Mi mwenyewe msimu wangu wa kwanza nilifanya hivyohivyo, kumbe ligi haikuwa na shida yoyote, shida ni kwamba nilikuwa nausoma msimamo kama wa soka na kalenda sikuwa naigusa kabisa.

Mfumo wenyewe ni mwepesi. Vilabu 14, kila kimoja kinakutana na mwenzake nyumbani na ugenini, jumla mechi 26, halafu zinakuja za mtoano. Inaanza mwisho wa Agosti au Septemba mwanzoni na fainali kwa kawaida ni mwisho wa Juni, yaani karibu miezi kumi, na katikati humo kuna Kombe la Mabingwa la Ulaya na mechi za timu ya taifa zimechomekwa. Sasa usijifanye shujaa ukaangalia mechi zote saba kila wikiendi, utachoka kabla ya Krismasi. Shika timu moja, ongeza mechi moja kubwa ya wiki, zilizobaki soma matokeo tu.

Kuchagua timu, inategemea roho yako. Ukitaka raha nenda Toulouse, wamebeba 2021, 2023, 2024 na 2025, mataji 24 kwa jumla mpaka huo mwaka 2025, halafu wana Antoine Dupont ambaye hata usiyejua raga utamuona tu kwamba yule jamaa ni wa sayari nyingine. Fainali ya 2024 waliifunga Bordeaux-Bègles 59-3, hiyo sio fainali hiyo, hiyo ni adhabu. Ukiwa mtu wa kuvumilia, kuna Clermont, walipoteza fainali kumi, kumi nzima, ndo wakaja kushinda ya kwanza 2010. Na kama unapenda wabishi basi Castres, mji mdogo, lakini 2018 walimaliza nafasi ya 6 wakaenda kuchukua ubingwa wenyewe. Na haohao Castres ndo walioenda kwa Clermont 2014 wakavunja rekodi yao ya kutofungwa mechi 77 mfululizo nyumbani. Mi nawapenda kwa hilo tu.

Sasa pointi, hapa tukae kidogo maana ndo pana utamu wote. Ushindi ni pointi 4, sare 2, kufungwa sifuri. Ila kuna bonasi mbili. Ya kwanza ya ushambuliaji, unapata pointi 1 ukishinda kwa trai tatu zaidi ya mpinzani (trai ni kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wao), sio trai nne tu kama ligi nyingine, ni tatu ZAIDI. Ya pili ya ulinzi, ukifungwa kwa tofauti ya 5 au pungufu unaondoka na pointi 1.

Ukizielewa hizo mbili, dakika za mwisho zinabadilika kabisa. Chukua mfano, timu yako iko nyuma 24-16, saa imeshapita 80, wamepewa penalti mita 35 hivi, kapteni anaonyesha nguzo. Mgeni anapiga kelele mbona anapiga teke wakati wanafungwa, si watafute trai! Piga hesabu: trai ni 5, konvashoni, lile teke la nyongeza baada ya trai, 2, jumla 7, wangefika 23, bado wamefungwa kwa moja. Penalti ni 3, inakuwa 24-19, tofauti 5, bonasi ipo mfukoni. Mpira unaingia, filimbi inalia, timu iliyofungwa wanapigana mabega na aliyeshinda amenuna kwa sababu amemwachia mpinzani pointi. Ukiona hivyo mara ya kwanza unadhani umesoma ubao vibaya.

Upande wa pili nao una vituko vyake. Timu inaongoza trai 4 kwa 1, bonasi iko mkononi, dakika ya 78 wapinzani wanasukuma mauli, lile kundi la watu wamemzunguka mwenye mpira, wanapata trai, sasa ni 4 kwa 2, tofauti imebaki mbili na bonasi imeyeyuka. Basi utaona timu inayoongoza kwa pointi 15, muda umeisha, inatakiwa tu ipige mpira nje watu waende kuoga, lakini hawapigi, wanaendelea kukimbia nao dakika ya 81, 82, 83 wakitafuta trai moja. Kwa hiyo ukiangalia mechi hesabu trai pembeni, usitegemee ubao wa matokeo pekee.

Kinachofuata ni kalenda, na hiki ndo watu wengi wanaruka. Ligi haisimami yote timu ya taifa ikicheza. Wikiendi kadhaa za Novemba na za Mataifa Sita (mashindano ya timu sita za taifa za Ulaya), vilabu vinacheza huku nyota wao wako kambini, Wafaransa wenyewe wanaziita doublons. Klabu yenye wachezaji wengi wa taifa ndo inaumia zaidi, kwa hiyo Toulouse kufungwa Februari na timu ya mkiani usiandike tanzia. Kabla msimu haujaanza chukua ratiba ya timu yako uzungushie hizo tarehe, na mechi mbili kabla na baada ya Kombe la Mabingwa zungushia pia, kwa sababu makocha hupumzisha watu.

Halafu kuna hili la ugenini. Huko kushinda nyumbani ni kama heshima ya familia, na kocha akiona safari ngumu mara nyingine anapeleka vijana kabisa, anaweka nguvu kwa mechi ya nyumbani ya wiki ijayo. Mi naweka daftari dogo, kila ushindi wa ugenini naandika +, kila kupoteza nyumbani naandika -, ikifika Machi hizo alama zinaniambia ukweli kuliko msimamo wenyewe. Timu iko ya nne lakini ina - tatu, hiyo inashuka, subiri tu.

Kwenye msimamo angalia mistari mitatu. Wawili wa juu wanaenda nusu fainali moja kwa moja, wanapumzika wiki. Wa 3 anacheza na wa 6, wa 4 na wa 5, kwa aliye juu. Tofauti ya wa pili na wa tatu ni mechi nzima ya kugongana mifupa, ndo maana watu wanauana kwa nafasi ya pili. Nusu fainali zinachezwa uwanja wa kati, 2023 walizipeleka mpaka San Sebastián, Hispania.

Chini, wa 14 anashuka moja kwa moja Pro D2, yaani daraja la pili. Wa 13 anaenda kucheza kwa aliyepoteza fainali ya Pro D2, mechi moja, na kiukweli naona hiyo ina presha kuliko fainali ya ubingwa. Waulize Grenoble wa Pro D2, wamepoteza hiyo mechi miaka mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, mbili za mwisho kwa tofauti ya pointi mbili mbili tu, 20-18 na Montpellier halafu 13-11 na Perpignan. Usiikose hata kama timu yako haihusiki.

Fainali huwa Stade de France, ingawa 2016 walihamia Camp Nou, Barcelona, watu zaidi ya 99,000, Racing 92 wakabaki 14 mapema kwa kadi nyekundu na bado wakaifunga Toulon 29-21. Wanachogombea ni Bouclier de Brennus, ngao ya mbao yenye bamba la shaba, inashindaniwa tangu 1892 na fainali hiyo ya kwanza refa alikuwa Pierre de Coubertin, yuleyule wa Olimpiki. Usiondoke mapema hata timu moja ikiwa mbele, 2023 La Rochelle walishaanza kuinusa ngao, Romain Ntamack wa Toulouse akachomoka katikati ya uwanja dakika za mwisho akapita watu kama wamesimama, 29-26. Na 2025 Bordeaux-Bègles waliipeleka Toulouse mpaka muda wa nyongeza, 39-33.

Ila raundi ya 26 ndo ya kuandalia kiti. Mechi zote saba zinaanza saa ileile, fungua msimamo unaobadilika papo hapo kwenye simu, mechi ya timu yako kwenye TV, daftari magotini, na usijibu meseji ya mtu.