Pikapu kubwa ikitoka toleo jipya, anza na stika ya mlangoni (mfano wangu Tundra)

Kuna ugonjwa nauona kwa watu wetu huku Marekani. Kampuni ikitangaza pikapu yake imebadilishwa kuanzia chesisi mpaka taa, mtu anaangalia video mbili tatu usiku, kesho yake yuko yadi anasaini mkopo wa miezi 84, yaani miaka saba, kisa taa zimekaa vizuri na skrini kubwa kama tivii ya sebuleni. Sisemi usinunue, mimi mwenyewe nimenunua, ila niliizungukia karibu mwaka mzima kabla sijatoa hela, na nataka nikuonyeshe nilivyoipima maana toleo likibadilishwa kuna vitu gari inapata na kuna vitu inapoteza, na muuzaji atakusimulia upande mmoja tu. Natumia Toyota Tundra kwa sababu ndiyo niliyoichimba, lakini njia ni ileile hata kama roho yako iko kwa F-150 au Ram au Silverado.

Kabla hujaenda popote kaa chini uandike unabeba nini. Siyo unachotamani kubeba, ulichobeba kweli miezi mitatu iliyopita. Mimi wikiendi nakodisha viti, meza na mahema kwa shughuli za Waswahili hapa Houston, harusi, misiba, ubatizo, maulidi, kwa hiyo nina trela la boksi la futi 16 na linajaa mpaka mlango unafungwa kwa bega. Kama wewe pikapu yako itabeba mikoba ya Costco na watoto wa soka basi nusu ya maneno yangu hayakuhusu, na pengine hata pikapu kubwa huihitaji, lakini hilo siwezi kukwambia mbele ya shemeji.

Haya, ni nini kilibadilika? Umbo la zamani lilidumu kutoka 2007 mpaka 2021, halafu toleo la 2022 likaja jipya kabisa, linatengenezwa San Antonio hapahapa Texas. Ile injini ya V8, yaani silinda nane, ya lita 5.7 imeondolewa. Badala yake kuna V6, silinda sita, yenye turbo mbili (feni ndogo zinazosukumwa na moshi wa injini ili kuipulizia hewa zaidi) na gia kumi. Watu walilia, na nawaelewa, maana Tundra za zamani zina jina, kuna ya 2007 ya jamaa wa Louisiana yenye V8 ya lita 4.7 ilifikisha maili milioni moja na Toyota wenyewe wakaichukua 2016 wakampa mpya. Lakini weka machozi pembeni uangalie namba. V8 ya 5.7 ilikuwa na hosipawa 381, V6 ina 389, hapo hakuna jipya. Jipya liko kwenye torki, ile nguvu ya kusukuma mzigo, imetoka 401 mpaka 479, na kikubwa zaidi ni kwamba V8 ilikuwa inaitoa yote injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika wakati hii inaitoa kwenye 2,400. Maana yake ukiwa na trela unapanda daraja la flaiova V8 inabidi ishushe gia na ipige kelele ndiyo ipande, hii inapanda kimyakimya. Kimya mpaka wakaona aibu wakaweka sauti ya injini kwenye spika, hilo mimi lilinichekesha sana.

(Na wale wanaosema V6 siyo gari ya kiume, nyumbani mpaka leo Land Cruiser ya mkubwa ikipita tunasema "V8 hiyo", wakati Land Cruiser 300 iliyotoka 2021 haina V8 kabisa, na ile V6 ya petroli yenye turbo mbili ni ndugu wa damu na hii ya Tundra.)

Sasa wese. V8 galoni moja ilikuwa inakupa kama maili 14 au 15, V6 isiyo na 4x4 wameiandikia maili 20. Usiishie kwenye hiyo namba, ifanyie hesabu yako. Ukienda maili 15,000 kwa mwaka, V8 inakula kama galoni 1,000, V6 galoni 750. Zidisha hizo 250 kwa bei ya pampu ya mtaani kwako ndiyo ujue unaokoa nini kweli, halafu linganisha na tofauti ya mkopo. Na ujue hizo maili 20 ni bila trela. Turbo ikibebeshwa mzigo inakunywa, hakuna miujiza, ukifunga trela refu la boksi linalokata upepo utashangaa sindano ya tenki inavyoshuka.

Nyuma wametoa zile springi za vyuma bapa vilivyopangana kama za Canter wakaweka za koili. Hapo ndipo ujue wewe ni nani. Bila mzigo gari imekuwa tamu, mama mkwe hatalalamika mgongo. Ukiipakia sana matako yanashuka kuliko zamani, sasa kama kila siku unabeba matofali lijaribu hilo kwanza. Bodi ya nyuma nayo siyo bati tena, ni kompoziti, aina ya plastiki ngumu, haishiki kutu, na kwa ndugu zetu wa Minnesota ambako wanamwaga chumvi barabarani miezi mitano hiyo ni faida kubwa kuliko skrini.

Tuje kwenye stika maana hapa ndipo watu wanapigwa.

Brosha inasema Tundra inavuta mpaka paundi 12,000, zaidi ya tani tano. Ni kweli, lakini siyo kila Tundra, ni ile isiyo na mbwembwe. Kadiri unavyopanda daraja, paa la kioo, viti vya ngozi vyenye feni, betri ya haibridi (ile yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja), gari yenyewe inakuwa nzito na uwezo wake unapungua, ile Capstone ya juu kabisa inarudi kwenye elfu kumi na ushee. Ila namba itakayokukwamisha siyo ya kuvuta, ni ya kubeba. Fungua mlango wa dereva uiname, kwenye nguzo kuna stika nyeupe ina rangi ya njano, imeandikwa uzito wa watu na mizigo usizidi kilo kadhaa au paundi kadhaa. Hiyo ni ya gari hiyohiyo uliyoshika mlango wake, siyo ya brosha. Mbili zimepaki pamoja rangi moja unaweza kukuta zimepishana paundi mia tatu.

Siku ya kwanza kijana wa mauzo alinipeleka kwenye haibridi nzuri sana, ndani inanuka ngozi mpya, nikaona moyo unaniambia nyamaza usaini. Nikainama. Stika ikasema 1,385. Nikatoa simu nikaanza hesabu palepale amesimama. Trela langu likijaa lina paundi 6,840, nimelipima, na shingo ya trela inakandamiza nyuma ya gari kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake, langu ni 890. Huo ukandamizaji unahesabika kama mzigo uliobebwa na gari, siyo uliovutwa, watu wengi hawalijui hilo. Toa 890 kwenye 1,385 inabaki 495. Kiungio cha trela, kile kizito cha kugawa uzito, ni 90, inabaki 405. Mimi 215, na dereva anahesabika pia, inabaki 190. Kijana wangu wa kubeba viti 180. Imebaki paundi kumi. Hata kreti ya soda huweki, na bodi nzima ya nyuma iko tupu! Gari ya kuvuta zaidi ya elfu kumi imeishiwa kwenye trela la chini ya elfu saba. Yule kijana akaniambia mbona watu wote wanavuta tu. Kweli wanavuta, mpaka siku breki zinanuka.

Utaniuliza mbona 2012 Tundra ilivuta chombo cha anga cha Endeavour kule Los Angeles. Ilivuta ndiyo, tena ya kawaida ya dukani, na ule mzigo ulikuwa karibu paundi 300,000. Lakini ilikuwa kuvuka daraja tu, polepole, na uzito wote umekaa kwenye magurudumu ya kile kitoroli, nyuma ya gari hakuna kilichokandamiza. Kuvuta na kubeba ni vitu viwili.

Kujua uzito wa shingo ya trela lako ni rahisi. Nenda kwenye mzani wa malori pale truck stop, pima gari peke yake ikiwa na tenki limejaa na watu wako ndani, halafu funga trela upime tena kila kitu kikiwa juu ya mzani, karatasi itakupa ekseli za mbele, za nyuma na za trela mbalimbali. Jumlisha mbele na nyuma, toa uzito wa gari ulipokuwa peke yake, kinachobaki ndiyo shingo. Dola chache na dakika ishirini. Kama bado huna gari pima kwa pikapu ya rafiki, trela ni lilelile. Na kumbuka kifuniko cha bodi na ngazi za pembeni anazofunga muuzaji mwenyewe baadaye mara nyingi hazijatolewa kwenye stika, zitoe wewe.

Haibridi nisiizungumze sana. Ina hosipawa 437 na torki 583, ukikanyaga inaondoka kama imetukanwa, lakini usiinunue kwa sababu ya wese maana wameiandikia maili 22 dhidi ya 20, kwa maili zile 15,000 unaokoa galoni kama 68 tu kwa mwaka na umeongeza maelfu ya dola juu. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, sehemu ya kufichia jeki na nyaya zako imeliwa. Kitu kilichoniuma mimi ni soketi ya umeme, wati 400, pasi haiwaki hapo, wakati F-150 ya haibridi unaweza kuichukua na soketi za kilowati 7.2 ukawasha muziki, taa na friji ya shughuli nzima bila jenereta. Kwa biashara kama yangu ilikuwa kidogo nihame dini.

Nilichokataa kabisa ni kununua mwaka wa kwanza wa toleo. Gari mpya kabisa ina injini mpya, kiwanda chenyewe bado kinajifunza, na mwalimu ni wewe. Mei 2024 Toyota iliita zirudi kutengenezwa Tundra na Lexus LX kama 102,000 za 2022 na 2023 kwa sababu vichengachenga vya chuma vilibaki ndani ya injini wakati wa kuitengeneza, vikifika kwenye beringi za krenkishafti, mhimili mkuu wa injini, gari inagonga au inazima ukiwa barabarani, na dawa yake ikawa kubadilisha injini nzima. Novemba 2025 wakaita nyingine kama 127,000, mpaka za 2024 zimo. Kwa hiyo ukiona ya 2022 inauzwa bei ya kutupa uliza kwanza. Chukua namba ya chesisi, inaonekana pale chini ya kioo cha mbele, iingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya Marekani ya usalama barabarani, ni bure, itakwambia kama kuna kazi haijafanywa. Iliyobadilishwa injini na ina karatasi siyo mbaya, mimi ningeichukua kuliko ambayo mwenyewe anasema "haijawahi kusumbua".

Na turbo inataka oili safi, inazunguka kwa kasi ya ajabu kwenye moto wa moshi. Kitabu kinaruhusu maili 10,000 kati ya servisi, mimi navuta trela kwa hiyo namwaga kila 5,000 bila kubishana na mtu.

Siku ya kuijaribu nenda na trela lako kama wanakubali, na wengi wanakubali ukiwapigia mapema. Waambie wasiiwashe kabla hujafika, unataka kusikia injini ikiamka baridi. Nenda na familia, mkubwa kuliko wote mpandishe nyuma. Rudisha rivasi. Shika viti viwili mikononi halafu gusa kitufe cha kwenye taa ya nyuma kwa kiwiko, mlango wa bodi unashuka wenyewe, zipo matoleo yenye hicho na yasiyo nacho na mimi hicho kimenisaidia kuliko kamera zote. Skrini wachezee watoto.

Wanaouliza kama wataipeleka Mombasa ikichoka, usukani uko kushoto na Kenya hawaingizi gari ya kawaida ya usukani wa kushoto, kwa hiyo ondoa hilo kwenye hesabu.

Mwisho nilichukua ya 2025, daraja la SR5, kebini ya Double Cab na bodi ya futi sita na nusu, viti vya kitambaa, haina paa la kioo, stika yake inasema 1,760. Mke wangu alisema kwa hela ile angalau ngozi. Nilikuwa nimeshapima gereji kwa futi kamba kabla sijasaini, gereji ina futi 20 na gari ina futi 19 na nusu. Mlango unafunga, zimebaki inchi sita, na ukitaka kwenda kwenye friji ya nyama unapita kwa upande.