Unataka keneli isome sensa za joto? Anza na namba itakayotoka nje, draiva baadae

Wengi wakipewa kazi ya kuingiza sensa ya joto kwenye keneli (moyo wa mfumo endeshi) wanakimbilia draiva (kodi inayoongea na chipu), wanasoma rejista (kijisanduku cha namba ndani ya chipu), inatoka namba, wanaitupa nje wanafunga kazi. Sasa tatizo namba ikishatoka tu kuna programu zinaanza kuitegemea, draiva utairekebisha hata wiki ijayo ila interfesi ndo ushaoa.

Amua yuniti kwanza. Ndani ya keneli desimali tunazikwepa, tunatumia namba nzima, kwa hiyo unachagua kipande kidogo cha digrii. Linux kwenye hwmon (sehemu ya keneli inayoshughulikia sensa) wanatumia milidigrii za Selsiasi, yaani ukisoma faili la temp1_input ukakuta 47500 ujue ni nyuzi 47.5. OpenBSD (mfumo endeshi mwingine) wao hw.sensors yao ndani inabeba maikrokelvini, hasi haipo kabisa. ACPI (kiwango cha firmware kuongea na mfumo endeshi) inatoa sehemu za kumi za kelvini na hapo ndo kuna kamtego, sifuri ya Selsiasi ni kelvini 273.15, ukiizidisha kwa kumi unapata 2731.5 na ile nusu haina pa kukaa, huyu anatoa 2732 yule anatoa 2731, mashine ni ileile joto linapishana. Kwa hiyo chukua yuniti ndogo kuliko hatua ya sensa yako bora, biti za ziada hazikugharimu kitu.

Alama ya hasi nayo inaumiza watu. Chukua LM75, chipu ya kupima joto, ina biti 9 na kila hatua ni nusu digrii, biti zimesogezwa kushoto, nyuzi -25 inaonekana 0xE700. Ukiisoma kama namba isiyo na hasi ukaisogeza kulia unapata 231, chipu iko kwenye baridi kali we unaambiwa inaungua. Afu LM75 inatuma baiti kubwa kwanza wakati SMBus (kanuni za kuongea na chipu hizi) inategemea ndogo ianze, so usisahau kuzigeuza.

Sasa tuje kwenye penyewe: hiyo namba ni joto la nini? Sensa ya ndani ya prosesa za Intel haikwambii joto, inakwambia umebakiza digrii ngapi kufika kikomo (rejista ni 0x19C, na ina biti ya kusema kama usomaji ni halali, iangalie kila mara). Ryzen 7 1800X ya AMD ilikuwa inatoa Tctl (namba ya kuongozea feni) iliyopandishwa digrii 20 juu ya joto halisi, makusudi, kwa ajili ya kuendesha feni, watu wakahisi prosesa zao zinakufa. Mi msimamo wangu, kama kuna thamani mbili toa zote mbili, kila moja na lebo yake, usijifanye mjanja ukaficha moja. Ndo maana k10temp, draiva ya Linux ya prosesa za AMD, ikaja na Tctl na Tdie (joto halisi).

Ikishindikana kusoma, USIRUDISHE SIFURI. Sifuri ni joto halali kabisa, skripti ya feni ikiliona inapunguza mwendo huku chuma kinaiva. Rudisha kosa: basi (njia ya data kwenda kwenye chipu) limegoma toa -EIO, usomaji haupo toa -ENODATA, waya wa sensa umekatika weka 1 kwenye temp1_fault.

Kuna kitu cha kasi pia. I2C, basi ambalo LM75 inatumia, ni ya polepole, LM75 yenyewe inachukua kama milisekunde 100 kupima mara moja, na faili linasomwa na yeyote, hata asiye na ruhusa maalum anaweza kuweka lupu akalisoma bila kupumzika. Tunza usomaji wa mwisho kwa sekunde moja hivi na uweke mutex (kufuli ili asome mmoja mmoja), ila kumbuka mutex inaweza kulala kwa hiyo usiiguse ukiwa ndani ya intarapti.

Majina: folda la sensa likiwa hwmon0 leo kesho ni hwmon2, inategemea draiva ipi imewahi, kwa hiyo jaza vizuri faili la name na zile lebo. Faili moja thamani moja, ubaya wake huwezi kupata sensa zote za papo moja, mi naona ni bei ya kulipika.

Kwenye Linux sajili kwa hwmon_device_register_with_info, we toa orodha ya chaneli, na funksheni za is_visible na read, pamoja na read_string kama una lebo. Usiunde mafaili kwa mkono baada ya kusajili maana udev (programu inayosikiliza vifaa vipya) inakuwa ishatangaziwa kifaa kipo, inakimbilia faili ambalo halijazaliwa.

Maamuzi ya feni izunguke vipi waachie wengine, Linux ina sabsistimu ya thermal pembeni kwa hayo. Isipokuwa kuzima mashine joto likifika la kuua, hilo libaki kwenye keneli, programu ya juu inaweza kuwa imeganda muda huohuo.

Kujaribu hasi huhitaji friza. Pakia i2c-stub (moduli ya keneli inayoigiza chipu) na chip_addr=0x48, kwenye rejista 0 andika wodi 0x00e7 (imegeuzwa, si tumesema baiti), mpe draiva hicho kifaa afu soma temp1_input. Isipotoka -25000 rudi kwenye kodi yako.