Somo: Kufupisha muda wa PostgreSQL kurudi hewani baada ya seva kuzimika ghafla

Wakuu, umeme ukikatika, PostgreSQL (programu ya hifadhidata) ikiwaka haikagui data yote. Inatafuta chekipointi (pale mabadiliko yaliyo kwenye kumbukumbu huandikwa kwenye diski) ya mwisho iliyokamilika, kisha inarudia mabadiliko yote yaliyoandikwa kwenye logi ya miamala (WAL) tangu chekipointi hiyo ilipoanza. Kwa hiyo kinachochelewesha ni wingi wa logi hiyo, si ukubwa wa hifadhidata.

Hatua ya 1: Washa log_checkpoints, inayoandika taarifa za kila chekipointi kwenye logi ya ujumbe wa seva; kuanzia toleo la 15 imewashwa tayari. Ukiona "checkpoint starting: wal" mara kwa mara badala ya "time", max_wal_size yako (kiasi cha WAL kinacholazimisha chekipointi) ni ndogo kwa kazi unayoipa.

Hatua ya 2: Panga checkpoint_timeout, yaani muda wa juu kati ya chekipointi moja na nyingine. Inakuja na dakika 5, na max_wal_size ni GB 1. Wengi hupandisha hadi dakika 30 ili uandishi uwe mwepesi, halafu siku ya ajali wanasubiri sana. Piga hesabu kwa hali mbaya kabisa: checkpoint_completion_target (sehemu ya muda huo ambayo uandishi wa chekipointi unatandazwa) ikiwa 0.9, chekipointi ya dakika 5 inatandazwa kwa dakika 4 na nusu. Seva ikifa kabla haijakamilika, unarudi kwenye ile ya nyuma yake, yaani logi ya karibu dakika 9 na nusu.

Lakini usishuke hadi sekunde 30! Baada ya kila chekipointi, ukurasa (kipande cha data) ukiguswa mara ya kwanza huandikwa mzima, KB 8, kwenye logi. Chekipointi zikibanana, logi inavimba na diski inachoka. Mimi huanzia dakika 5, nabadilisha kidogo kidogo, kisha naendesha SELECT pg_reload_conf() ili seva isome mipangilio mipya. Hakuna haja ya kuzima seva.

Hatua ya 3: Pima. Kwenye mashine ya majaribio endesha pgbench (chombo cha PostgreSQL cha kupima mzigo), zima kwa pg_ctl stop -m immediate, washa, kisha soma muda kwenye mstari wa "redo done at" katika logi ya ujumbe wa seva.

MASWALI

Mkuu, pg_wal (folda ya logi ya miamala) imejaza diski. Nifute faili za zamani?
Usiguse hata moja, hifadhidata inaweza kugoma kuwaka. Angalia pg_replication_slots kama kuna sloti (alama inayozuia logi isifutwe hadi seva nakala iisome) iliyotelekezwa, na kama archive_command (amri ya kunakili logi kwenye kumbukumbu ya nje) inafeli.

Nikizima fsync (mpangilio unaohakikisha data imefika kweli kwenye diski) je?
Kasi utaipata, ila umeme ukikatika data inaweza kuharibika kiasi ambacho logi haiwezi kurekebisha.

Nikitaka kuzima seva kwa hiari?
Endesha CHECKPOINT kwanza, kisha pg_ctl stop -m fast. Ikiwaka haitakuwa na cha kurudia.