Mama Anapohudumiwa Nyumbani England: Yanayopaswa Kuandikwa na Kukaguliwa

Daftari lilikuwa juu ya friji, na liliandikwa kwamba mama amekunywa uji wote. Jikoni nikakuta sufuria imejaa uji ulioganda, juu umefanya utando. Mhudumu alijiandikia nusu saa. Jirani, mama mtu mzima ambaye dirisha lake linatazama mlango wetu, alisema hakukaa hata robo saa. Siku hiyo ndiyo nilianza kusoma taratibu za huduma za nyumbani za nchi hii, kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kumkabidhi mtu ufunguo.

Nawaandikia wenzangu wenye mzazi, mume au ndugu anayehudumiwa nyumbani England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina wakaguzi wao na taratibu zao; huko Scotland, kwa mfano, mtu mzima aliyetathminiwa kuwa anahitaji kuogeshwa au kuvishwa halipii huduma hiyo.

Kampuni yoyote ya England inayomwogesha mtu nyumbani kwake, kumvisha, kumlisha au kumsaidia chooni lazima isajiliwe na Care Quality Commission, chombo kinachokagua huduma za afya na za jamii England, ambacho kila mtu hukiita CQC. Ikija kufagia na kununua vitu dukani tu, haidaiwi usajili huo. Ingia kwenye tovuti ya CQC, andika jina la kampuni, usome ripoti. Wakaguzi hujiuliza maswali matano: huduma ni salama? Inaleta manufaa? Ina utu? Inafuata mahitaji ya mhusika? Inaongozwa vizuri? Halafu hutoa daraja moja kati ya manne: bora sana, nzuri, inahitaji kuboreshwa, au haitoshi. Mimi husoma sehemu ya usalama na ya uongozi kwanza, na kabla ya hapo hutazama tarehe. Daraja zuri la miaka minne iliyopita, chini ya meneja ambaye ameshaondoka, halikuambii mengi kuhusu atakayebisha hodi kesho. Piga simu uulize meneja aliyesajiliwa ni nani na ana muda gani pale. Kampuni yenye mambo yaliyonyooka hujibu hapo hapo.

Kuna njia nyingine ambayo wengi wetu huipenda: kumwajiri mtu mwenyewe, mara nyingi Mswahili mwenzetu, kwa fedha ambazo halmashauri inakulipa moja kwa moja. Ni njia halali na wakati mwingine ndiyo bora, maana mama anapata mtu wa kuzungumza naye. Lakini mtu huyo hakaguliwi na CQC. Wewe ndiwe mwajiri: kuhakiki kama ana ruhusa ya kufanya kazi, rekodi yake ya makosa ya jinai, bima, likizo, na nani atakuja siku akiugua, yote yako. Iombe halmashauri ikusaidie. Na binti wa shangazi aliyekuja kwa viza ya matembezi asiajiriwe kazi hii, hata kama ana moyo wa dhahabu. Viza ile hairuhusu.

Kwa Sheria ya Huduma ya mwaka 2014, halmashauri inapaswa kumtathmini mtu mzima yeyote anayeonekana kuhitaji msaada, awe na fedha au asiwe nazo. Suala la nani analipa huja baadaye: mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 kwa kawaida hujilipia, na nyumba anayoishi haihesabiwi akihudumiwa humo humo.

Siku ya tathmini usijifanye mkalimani. Najua unajua Kiingereza, na najua unataka kusaidia. Lakini mama hatasema mbele ya mwanawe wa kiume kwamba hafiki chooni kwa wakati. Atasema "Alhamdulillahi, sijambo", na hilo ndilo litakaloandikwa. Omba mkalimani, mwanamke ikiwa mama anataka, na useme ni Kiswahili cha wapi. Bibi wa Bukavu na bibi wa Pemba wote ni Waswahili katika fomu, ila wanaweza kupishana vibaya katika maneno ya maumivu na ya mwili.

Kisha unaandikwa mpango wa huduma, na hapa ndipo ningetaka utumie nguvu zako zote. Mpango wetu wa kwanza ulisema: "Utamaduni wake uheshimiwe." Sentensi hiyo haina mkaguzi duniani. Tuliifuta, tukaandika: aletewe birika la maji ya uvuguvugu na beseni kabla ya adhuhuri, aogeshwe na mwanamke tu, aitwe Bi, asiitwe kwa jina tupu, afunikwe khanga anapobadilishwa nguo. Jambo lililoandikwa hivyo, limefanyika au halijafanyika. Muda nao uandikwe. Mwongozo wa taifa wa mwaka 2015 unataka ziara isipungue nusu saa, ila kwa kazi mahususi kama kuangalia kama dawa imenywewa, kwa mhudumu anayemfahamu mhusika. Kampuni nyingi sasa hurekodi kuingia na kutoka kwa simu. Mama akiridhia, omba rekodi hizo uzilinganishe na daftari.

Kuhusu usalama wenyewe, yapo mambo ambayo hakuna aliyenieleza.

La kwanza ni uji. Kwetu uji ndiyo dawa ya kila mgonjwa, lakini baada ya kiharusi koo linaweza kushindwa, na kinywaji chepesi kikaingia kwenye mapafu na kuleta nimonia. Mtaalamu wa kumeza hupima na kuandika kiwango cha uzito kinachofaa. Kibandike ukutani jikoni, ili mhudumu mpya na shangazi aliyekuja kumjulia hali wasome kitu kimoja. Kopo la unga wa kuongezea uzito lihifadhiwe mbali na mgonjwa, kwani ukilambwa mkavu unaweza kumkaba.

La pili ni ngozi. Wahudumu wengi wamefundishwa kutafuta wekundu kama dalili ya kwanza ya kidonda cha kulalia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tazama sehemu iliyokolea zaidi au yenye rangi ya zambarau, kisha gusa: ni ya moto, ni ngumu, inauma kuliko ngozi ya jirani yake? Matakoni, nyongani, visiginoni. Muulize mhudumu wazi kama amefundishwa hivyo, na hilo nalo liingie kwenye mpango.

La tatu linanitia hofu kuliko yote. Mafuta ya kulainisha ngozi wanayopewa wazee hunyonywa na shuka, kanzu na khanga, na kitambaa kilichoyanyonya hushika moto upesi na kuwaka kwa kasi. Kuyafua hakuyaondoi yote. Sasa fikiria chetezo chenye makaa na udi kando ya kitanda cha mama. Hatukumnyima udi wake. Tunafukiza chumba kingine, yeye akiwa mbali na moto, na makaa tunayazima kabla hajarudishwa. Kikosi cha zimamoto cha eneo lako huja kukagua nyumba bure, na mara nyingi hufunga vitambua-moshi palipo na haja. Waite.

Mashine ya kumnyanyulia mgonjwa ikaguliwe na fundi aliyesomea kila baada ya miezi 6, na tarehe ionekane kwenye kibandiko. Mpango ukisema wahudumu wawili, mmoja asimnyanyue peke yake, hata kama ana nguvu, hata kama mama anasema "wacha tu, mwanangu." Dawa hutiwa saini baada ya kumezwa. Na zile za miti shamba zilizotoka nyumbani kwenye mfuko usio na jina, mwambie mfamasia. Baadhi hugombana na dawa za damu na za presha.

Neno kuhusu bahasha. Sisi mgeni akitutendea wema hatumwachi aende mikono mitupu. Lakini kampuni nyingi zinawakataza wahudumu kupokea fedha, na pesa uliyotoa kwa mapenzi inaweza kumfukuzisha kazi. Chai na kaimati wengi wanaruhusiwa, uliza. Namba ya siri ya benki asipewe mhudumu yeyote, na kila ununuzi uwe na risiti.

Mambo yakiharibika, lalamika kwa kampuni kwa maandishi, na kwa halmashauri pia ikiwa ndiyo iliyopanga huduma. Usiporidhika na jibu, peleka kwa mchunguzi wa malalamiko ya serikali za mitaa na huduma za jamii, kwa kawaida ndani ya miezi 12 tangu ulipojua tatizo. Hupokea pia ya wanaojilipia. CQC haiamui shauri la mtu mmoja mmoja, lakini iambie, maana taarifa kama hizo huisaidia kujua wapi pa kukagua. Ukiona michubuko isiyoelezeka, njaa au wizi, usingoje utaratibu huo: piga simu idara ya halmashauri ya kulinda watu wazima, na 999 kukiwa na hatari ya papo hapo. Na mgonjwa akiumizwa vibaya kwa kosa la huduma, kampuni inawajibika kisheria kumweleza ukweli na kuomba radhi.

Barua yangu mimi ilikuwa na mistari minne: tarehe, saa iliyoandikwa daftarini, nilichokikuta jikoni, na picha ya sufuria. Nilijua namshitaki mhudumu mzembe. Rekodi za simu zilipotolewa, ilionekana binti yule alipangiwa nyumba tatu ndani ya saa moja, bila hata dakika ya safari kati ya nyumba na nyumba. Ratiba ikabadilishwa. Ndiye anayekuja mpaka leo, na mama humngoja.